Kupunguza sukari ili kupunguza uzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mara nyingi mtu hunijia akisema ameacha wali, ameacha ugali, anakula mlo mmoja kwa siku na bado mizani haisogei. Nikimuuliza kutwa anakunywa nini, hunitazama kama nimeuliza jambo lisilohusika. Basi tunakaa na kuhesabu: chai ya asubuhi, chai ya saa nne, soda ya mchana, chai ya jioni na maandazi mawili. Hapo mambo huanza kueleweka.

Maswali haya ndiyo ninayokutana nayo zaidi katika kazi yangu ya ushauri wa lishe. Majibu nimeyaandika nikifikiria nyumba za kwetu, ambako chai hupikwa na sukari yake kwenye sufuria, mgeni huletewa soda kwa heshima, na kikombe kisicho na sukari huitwa "dawa".

Kwa nini nianze na sukari, nisianze na wali au ugali?

Kwa sababu sukari ndiyo unayoweza kuipunguza bila kulala njaa. Sahani ya ugali, maharage na mchicha itakushika saa kadhaa, na ndani yake kuna protini, madini na nyuzinyuzi. Vijiko vitatu vya sukari kwenye chai havikushiki hata kidogo. Ni nguvu tupu, yaani kalori bila lishe.

Halafu kinywaji kitamu kina ubaya wake wa pekee: tumbo halikihesabu sawasawa. Ukila chapati mbili saa nne, mchana utapunguza chakula kidogo bila hata kujua. Ukinywa soda yenye nguvu kama za zile chapati, mchana utakula vilevile kana kwamba hukugusa kitu. Ndiyo maana kwa karibu kila mtu nasema tuanze na kikombe, sahani tutaijia baadaye.

Sukari inayotakiwa kupunguzwa ni ipi hasa?

Ni ile tunayoitia wenyewe au inayotiwa kiwandani, pamoja na asali, sharubati na sukari iliyomo kwenye juisi ya matunda. Sukari iliyo ndani ya tunda zima, na ile ya asili iliyo ndani ya maziwa, haimo kwenye hesabu hii.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unasema sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu zote mtu anazokula kwa siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50, na asilimia 5 ni gramu 25. Gramu 25 ni kama vijiko sita vya chai. Anayetaka kupunguza uzito alenge hivyo sita, akijua kwamba ndani yake zimo pia biskuti, maandazi na sosi ya nyanya.

Nitajuaje natumia kiasi gani kwa siku?

Kijiko mfuto cha chai, yaani kilichosawazishwa juu, kina takriban gramu 4 za sukari, sawa na kalori 16. Lakini nani kwetu husawazisha kijiko? Tunachota kichuguu, na kichuguu hicho huweza kufika gramu 6 au 7. Mtu anayesema "mimi natia viwili tu" mara nyingi anakunywa vitatu na kitu.

Njia ninayoiamini zaidi haihitaji kuhesabu vijiko. Ukinunua kilo moja ya sukari, andika tarehe kwenye mfuko kwa kalamu. Ikiisha, angalia zimepita siku ngapi. Kilo moja ni gramu 1,000. Nyumba ya watu wanne ikiimaliza kwa siku kumi, kila mmoja ametumia gramu 25 kwa siku, tayari amefika kwenye ile asilimia 5 kabla ya soda yoyote ya barabarani. Ikiisha kwa siku tano, kila mmoja anameza gramu 50. Nyumba nyingi zinazojaribu hesabu hii hushtuka, na mshtuko wenyewe huwasaidia kuliko mawaidha yangu.

Baada ya hapo ongeza unachonywa nje. Soda ya kawaida ina takriban gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya plastiki ya mililita 500, kwa hiyo, inabeba zaidi ya gramu 50, vijiko kumi na vitatu hivi. Hakuna anayeweza kutia vijiko kumi na vitatu kwenye kikombe cha chai akakinywa. Kwenye soda vinapita kwa sababu ni baridi, ina gesi na ina uchachu.

Nikipunguza sukari peke yake, nitapungua kilo ngapi?

Tuchukue mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu mfuto. Hivyo ni vijiko 12, gramu 48, kalori 192 hivi. Kwa siku 30 zinafika kalori 5,760. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inakadiriwa kubeba kalori 7,700. Kwa hesabu ya karatasi, akiacha sukari yote ya chai na asifidie kwa kitu kingine, atapungua kama robo tatu ya kilo kwa mwezi. Akiwa pia alikuwa na soda moja ya nusu lita kila siku na akaiacha, inafika kama kilo moja na nusu.

Mwili haufuati karatasi sawasawa. Kadiri unavyopungua ndivyo unavyohitaji nguvu kidogo, kwa hiyo kasi hupungua nayo. Wako pia wanaoacha sukari wakaongeza chipsi, na hao hesabu yao hairudi. Wengine hushuka kilo mbili wiki ya kwanza, hasa wakipunguza na wanga kwa pamoja; sehemu kubwa ya hizo ni maji, kwa sababu akiba ya wanga mwilini hukaa pamoja na maji na hutoka nayo. Usifurahi kupita kiasi wiki ya kwanza, na usivunjike moyo ya tatu.

Ukikutana na mtu anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi, tazama mkononi mwake. Kuna kitu anakuuzia.

Niache mara moja au kidogo kidogo?

Wachache huweza kukata siku moja na wakabaki hivyo. Wengi ninaowaona wakikata ghafla hurudi ndani ya wiki mbili, tena kwa kishindo. Mimi napendekeza nusu kijiko kwa wiki. Kama unatia vitatu, wiki hii tia viwili na nusu katika kila kikombe, wiki ijayo viwili, hivyo hivyo. Baada ya wiki sita umefika bila ulimi kupiga kelele.

Ulimi hujifunza. Ukiuzoesha utamu mdogo kwa wiki kadhaa, ule mdogo huanza kuonekana mwingi. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika Tanzania na bei ikapaa, familia nyingi zililazimika kupunguza vijiko. Baadhi ya watu ninaowashauri waliniambia kwamba sukari iliporudi madukani hawakuweza tena kuinywa chai yao ya zamani. Hakuna aliyewafunza, ulimi ulikuwa umeshahama.

Jambo moja dogo: tumia kijiko kilekile, na usawazishe. Nusu ya kichuguu haina kipimo.

Chai bila sukari haishuki. Nifanyeje?

Chai ya majani makali iliyochemka mpaka ikawa chungu haishuki, ni kweli. Tunaipika kwa namna inayohitaji sukari, kisha tunalaumu ulimi. Punguza majani, usiyachemshe muda mrefu, halafu tia vitu vyenye harufu. Iliki iliyopondwa na mdalasini huudanganya ulimi vizuri, kwa sababu tangu utotoni tumezoea kukutana na harufu hizo kwenye vitu vitamu. Mchaichai mbichi uliochumwa nyuma ya nyumba hauhitaji hata majani ya chai. Tangawizi inakata ladha ya uchungu, ingawa ikizidi inataka sukari yenyewe, kwa hiyo iwe kidogo. Maziwa nayo yana utamu wake. Chai ya maziwa yenye iliki inaweza kunyweka na nusu kijiko au bila kitu.

Nataka niwakumbushe pia jambo tulilonalo Pwani tangu zamani. Wazee barazani hawatii sukari kwenye kahawa. Inatoka kwenye buli ikiwa chungu, moto, katika kikombe kidogo, na pembeni kuna kipande cha kashata au halua ya kumega. Utamu unaung'ata kidogo, uchungu unausukuma. Mtu anajua amekula kitu kitamu, anakiona, anakimaliza. Sukari iliyoyeyuka kwenye kikombe haionekani, na kikombe cha pili kinakuja bila hesabu. Kama huwezi kuachana na utamu kabisa, chai yako iwe kavu, yaani bila sukari, na upande wake tende moja. Ni afadhali mara nyingi kuliko vikombe vitatu vitamu.

Asali, sukari guru au sukari ya kahawia si bora?

Kwa uzito, hapana. Asali ina ladha na harufu yake, na naipenda, lakini karibu asilimia 80 ya asali ni sukari. Tena ni nzito: kijiko cha chai cha asali hubeba kama kalori 21, wakati cha sukari ni 16. Unaokoa tu kama utamu wake unakufanya utie kidogo. Sukari guru ina madini kiasi, lakini ili yakufae ingebidi ule kwa wingi ambao utakuharibia kila kitu kingine. Ya kahawia ni nyeupe iliyobaki na rangi ya molasi.

Wanaonunua asali ya Tabora kwa bei kubwa wakidhani inaondoa kitambi, nawaomba waile kwa sababu ni tamu, wakijua ni sukari. Na asali mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, hata ya kulamba. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo.

Soda zisizo na sukari na vidonge vya kutia utamu je?

Mtu aliyezoea soda mbili kwa siku akihamia zile zisizo na sukari, siku hiyohiyo amepunguza kalori nyingi. Silikatai hilo. Lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo likishauri vitia utamu visivyo sukari, hata vile vya mmea wa stevia, visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, kwa sababu kwa muda mrefu havikuonekana kuleta upungufu wa mafuta mwilini. Ushauri huo haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari.

Mimi nazichukulia kama daraja. Vuka nalo, miezi miwili, kisha ufike kwenye maji. Ukikaa darajani, ulimi wako unabaki unadai utamu mkali uleule, na siku soda hizo zikikosekana dukani utarudi kwenye zenye sukari.

Juisi ya matunda si afya?

Hili ndilo swali linaloniletea ubishi mwingi kuliko yote. Ukikamua machungwa matatu, umekunywa sukari ya machungwa matatu kwa nusu dakika na nyuzinyuzi nyingi umeziacha kwenye chujio. Ungekaa chini ukamenya, ungekula moja, labda mawili, ukatosheka. Tunda ni lilelile. Tofauti ni kutafuna.

Na hapo nazungumzia juisi isiyotiwa kitu. Juisi ya ukwaju, ubuyu au rozela ya nyumbani huwa na sukari sana kwa sababu matunda yenyewe ni makali. Iongezee maji, iache na ukali wake kidogo, tia barafu na mnanaa. Juisi ya miwa inayokamuliwa barabarani na kutiwa ndimu na tangawizi ni ya asili, sina shaka, lakini muwa ndio sukari yenyewe kabla haijafika kiwandani: glasi moja hubeba gramu 30 au zaidi. Kunywa siku moja moja kama unavyokula keki, au tafuna muwa kwa meno, itakuchosha taya kabla haijakushinda.

Za boksi zilizoandikwa "hakuna sukari iliyoongezwa" bado zina sukari ya tunda, karibu sawa na soda. Madafu ni afadhali sana, kwani sukari yake ni kama thuluthi ya ile ya soda au chini ya hapo.

Basi na embe na ndizi mbivu niache?

Usiache. Sijawahi kukutana na mtu aliyenenepa kwa sababu ya maembe yaliyo kwenye msimu. Kula tunda zima, moja au mawili kwa siku, bila kulinyunyizia sukari wala kulisaga na maziwa ya kopo.

Maziwa ya kopo yale mazito, kwa njia, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari.

Nasikia wanga wote hugeuka sukari mwilini, kwa hiyo ugali na soda ni kitu kimoja.

Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu inapotosha. Wanga wa ugali, wali, muhogo na viazi huvunjwa tumboni ukawa glukozi. Lakini unavunjwa ukiwa ndani ya chakula kinachotafunwa, kinachochanganyika na mboga, samaki au kunde, na kinachoshibisha. Soda haina cha kutafunwa, sukari yake inapita haraka.

Sahani inaweza kuwa kubwa mno, hilo tukubali. Ukishamaliza suala la vinywaji, rudi kwenye sahani: nusu yake iwe mboga za majani na nyingine, robo iwe ugali au wali, robo iwe maharage, samaki, kuku au dagaa. Unga wa dona una nyuzinyuzi zaidi ya sembe. Na asubuhi, viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha na chai kavu vitakushika mpaka saa saba, jambo ambalo andazi haliwezi. Andazi lina sukari ndani, unga mweupe, na mafuta lililoyanywa kwenye karai. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kama kalori 120.

Nyumbani si mimi ninayepika chai. Mama mkwe hutia sukari kwenye sufuria na siwezi kumkatalia.

Nimesikia swali hili kwa sauti ya chini mara nyingi sana. Anayelileta mara nyingi ni bibi-arusi mpya, au mtoto wa kiume aliyerudi kwa mama yake.

Usiiache chai mezani ikapoa. Hiyo ndiyo inayoumiza. Pia usimweleze mbele ya watu kwamba chai yake ina sukari nyingi. Mfuate jikoni mapema, msalimu vizuri, mwambie: "Mama, mimi naomba unimiminie changu kabla hujatia sukari, najaribu kupunguza mwili." Akikuuliza kama chai yake mbaya, mwambie kweli: ni nzuri, na ndiyo maana unataka uinywe bila kuacha. Baada ya siku chache omba wewe ndiye uwe unaipika chai ya jioni. Ukishika sufuria, ipeleke chai kwenye mkeka ikiwa kavu pamoja na kopo la sukari na kijiko, kila mtu ajitilie. Badiliko hili moja, kuitoa sukari kwenye sufuria na kuiweka mezani, nimeliona likipunguza matumizi ya nyumba nzima bila mtu kuambiwa kitu. Wazee wenye kisukari, ambao walikuwa wakinywa tu kwa kuona haya, huwa wa kwanza kushukuru.

Ikiwa mama hakubali kabisa, kunywa kikombe kimoja kwa heshima yake, si vitatu, na sukari yako ya siku iwe hiyo.

Ramadhani nafunga mwezi mzima na bado naongezeka. Kwa nini?

Tazama kilichopo kwenye mkeka wa futari. Tende, uji wenye sukari na pilipili manga, juisi ya embe au pasheni iliyokolezwa, kaimati zilizochovywa kwenye shira, tambi za sukari, na baada ya tarawehe chai tamu na visheti. Mtu ameshinda na njaa na kiu saa kumi na tatu, na cha kwanza kinachoingia ni sukari ya kukata kiu.

Fungua kwa tende moja au tatu kama ilivyo sunna, na maji. Tende moja ndogo ina kama kalori 20, lakini zile kubwa laini hufika 60 na zaidi, kwa hiyo tatu ndogo si sawa na tatu kubwa. Kiu yote imalizwe kwa maji, juisi ije baadaye, glasi moja, kama bado unaitaka. Uji uwe na sukari nusu ya kawaida. Pilipili manga na maziwa vinaubeba. Kuhusu kaimati, mimi sithubutu kumwambia mtu azikose mwezi mzima. Zipikwe siku mbili za wiki badala ya saba, na shira imwagiwe juu kidogo badala ya kuzilowesha. Na daku isiwe ya vitamu: wali kidogo na maharage, au mayai na mkate wa unga usiokobolewa, vitakuchukua mbali kuliko chai na keki.

Kwenye harusi, msiba au ugenini nikiletewa soda?

Omba maji kabla soda haijafunguliwa. Ikishafunguliwa imekuwa maneno. Sema tu "mimi nitaomba maji, mama", kwa uso mkunjufu, bila kueleza habari za mlo wako. Maelezo ndiyo yanayoleta ubishi. Katika sherehe moja kwa mwezi, kunywa soda yako na uendelee; kilichokunenepesha ni ya kila siku.

Kila saa kumi jioni napata hamu kubwa ya kitu kitamu. Na kichwa kinaniuma.

Kwanza niulize: mchana ulikula nini? Mara nyingi hamu ya saa kumi ni njaa ya saa saba. Aliyekula chipsi kavu au aliyeruka mlo kabisa atatafuta sukari jioni, hana ujanja. Ongeza maharage, yai au samaki mchana uone. Usingizi nao una mkono hapa: aliyelala kwa muda wa saa nne tu usiku mzima huamka na njaa ambayo chakula hakiimalizi.

Kichwa kuuma mara nyingi si sukari, ni kwamba umepunguza chai yenyewe pamoja na kafeini yake, au hukunywa maji ya kutosha. Punguza sukari, chai yenyewe usiipunguze kwanza. Karanga kiganja kimoja zinasaidia jioni. Kiganja kimoja, kwani gramu 30 tu ni kalori 170 hivi.

Nina kisukari, au natumia dawa. Naweza kufuata haya?

Soma hapa polepole. Kama unatumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, usikate sukari na wanga ghafla bila kuzungumza na daktari au muuguzi wa kliniki yako. Dozi yako ilipangwa kwa mlo uliokuwa ukila. Ukipunguza mlo na dozi ikabaki ileile, sukari ya damu inaweza kushuka mno: utatetemeka, jasho litakutoka, moyo utakwenda mbio, utachanganyikiwa, na unaweza kuzimia. Ikitokea hivyo na bado unaweza kumeza, sukari ndiyo dawa. Koroga vijiko vitatu hadi vinne kwenye maji unywe, pima tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Anayepunguza sukari kwa ajili ya uzito na huku anatumia dawa hizi anatakiwa bado awe na sukari mfukoni. Hakuna mgongano hapo.

Mama mjamzito asifuate mpango wa kupunguza uzito. Apunguze soda na vitamu kwa ajili ya afya, na mengine ayaulize kliniki.

Nimesoma lebo lakini sukari siioni. Imejificha wapi?

Kwenye majina. Glukozi, fruktozi, dekstrozi, maltozi, sharubati ya mahindi: zote ni sukari. Orodha ya viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo sukari ikiwa ya pili au ya tatu, unajua. Kisha tazama gramu kwa kila 100, si kwa "kipimo kimoja", maana kipimo cha kiwanda huwa kidogo kuliko unachokula. Mtindi wa ladha ya matunda, sosi ya nyanya, vinywaji vya kuongeza nguvu na unga wa glukozi unaokorogwa eti kuondoa uchovu, hivyo ndivyo vinavyowapata wengi.

Uzito umesimama wiki tatu. Nimeshindwa?

Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula. Mara nyingi kiuno hupungua wakati mizani imelala. Vyote vikikaa palepale mwezi mzima, rudia ile hesabu ya mfuko wa sukari. Vijiko hurudi kimyakimya.

Watu wananiambia nimekonda, wananiuliza kama naumwa. Inanivunja moyo.

Kwetu mwili mnene umebeba maana ya kutunzwa vizuri, na kukonda kumebeba hofu ya ugonjwa. Anayekuuliza mara nyingi anaogopa kwa ajili yako. Mjibu "mzima kabisa, alhamdulillahi, nimepunguza sukari tu", na utashangaa wangapi watakuvuta pembeni kukuuliza umeanzaje. Lakini kama unapungua bila kukusudia, una kiu isiyoisha na unaamka usiku mara nyingi kukojoa, hapo aliyekuuliza ana haki: nenda kapime sukari ya damu wiki hii.

Je, kuna siku nitaweza kunywa tena chai ya zamani?

Utaweza, ila sidhani kama utaitaka. Mwaka jana nilikwenda Tanga kwa shangazi yangu, akanimiminia kutoka kwenye chupa ya chai kama alivyonimiminia tangu nikiwa shule ya msingi. Nilikunywa nusu kikombe nikaomba maji. Akacheka, akaniambia, "Hata mimi siku hizi inanishinda, naitia hivi kwa ajili yenu."